Marehemu Yuko Foleni, Toleo la Wizara

Nchi yetu ina jina, ila silitaji kwa sababu wiki ninayoandika haya kamati bado inalipitia. Inatosha kujua kwamba ni nchi ya amani, ina wizara arobaini na moja, na ilikuwa na filamu moja ya kuchekesha.

Filamu hiyo iliitwa Marehemu Yuko Foleni. Ilipigwa miaka kumi na minane iliyopita na watu watano wenye kamera ya kuazima. Mtu mmoja anafia kwenye foleni ya kitambulisho, saa nne asubuhi, akiwa wa sita kutoka dirishani. Wanamchukua, wanamzika, na kesho yake mzimu wake unarudi kushika nafasi. Walio nyuma wanagombana: maiti ana haki ya nafasi au hana? Mmoja anataka aanzie mwisho kama mgeni mwingine yeyote. Mama mmoja anamwomba amshikie nafasi akanyonyeshe. Karani anatoa kichwa dirishani na kumwambia, "Wewe umekufa, toka hapo." Naye anajibu, "Nimekufa tu, sijahama."

Hadi leo ukimwambia mtu wa nchi hii aondoke mahali, atakujibu hivyo hivyo.

Shati la mzimu nililishona mimi, kwa gunia la unga wa ngano, nikiwa mwaka wa mwisho wa stashahada ya ushonaji. Aliyelivaa, Kibwana Mchopa, alilalamika kwamba linamwasha. Nikamwambia mzimu hauwashwi. Akaniambia, basi livae wewe. Tukaoana.

Kibwana alikufa kwa kifua, miezi miwili kabla binti yetu Sikudhani hajazaliwa. Nyumbani tuna picha zake mbili. Katika moja amefumba macho, katika nyingine amesimama kama mtu anayengoja kudungwa chanjo. Lakini mara moja kwa mwaka, sikukuu ya taifa, filamu ilioneshwa kwenye ukumbi wa mtaa, simu zikiwa zimekusanywa mlangoni ndani ya ndoo ili mtu asinakili. Huko Sikudhani alimwona baba yake akitembea, akijikuna, akicheka. Alikuwa na miaka kumi na alikwishamwona baba yake mara saba. Akicheka, anacheka kama yeye: kwanza puani, halafu anakata, halafu mabega. Hakuna aliyemfundisha.

*

Mwaka jana Waziri wa Furaha na Mwongozo, Mheshimiwa Dakta Tandazo, alitangaza kwamba filamu itatengenezwa upya.

"Ndugu wananchi," alisema redioni, "filamu ya zamani imetuchekesha, hilo hatulikatai. Lakini imetuchekesha kienyeji, bila mpango, kila mtu kwa wakati wake. Taifa linalocheka ovyo haliwezi kujenga. Serikali yenu sikivu imeamua kukiboresha kicheko hiki na kukirejesha kwenu kikiwa na mwelekeo."

Wakapiga makofi. Kisha ukasomwa utaratibu, na watu wengi wakazima redio hapo, kwa kuwa utaratibu husomwa kwa sauti ya chini. Mimi sikuzima. Ulisema kwamba kwa Kanuni ya Jina Moja, Hifadhi ya Filamu haiwezi kutunza filamu mbili zenye jina moja. Mpya ikizinduliwa, ya zamani inastaafishwa. Kustaafishwa maana yake ni kuyeyushwa kiwandani na kutengenezewa vitana vya watoto wa shule.

Sikudhani alikuwa anakula.

"Mama, baba atakuwemo kwenye hiyo mpya?"

"Hapana. Amekufa."

"Hata kwenye ya zamani alikuwa amekufa."

"Kwenye ile alikuwa anaigiza."

"Na sasa?"

"Sasa haigizi. Kula."

Wiki iliyofuata niliitwa kushona mavazi, kwa kuwa jina langu lilikuwa kwenye faili la zamani. Wenzangu walishangaa nilipokubali. Sikuwa na sababu kubwa. Nilitaka kuwa karibu na mkebe wa filamu ya zamani, nijue siku na saa itakayoyeyushwa.

*

Kikao cha kwanza cha kamati kiliukubali mzimu. Cha pili kikauliza mzimu ni wa mkoa gani. Nchi ina mikoa saba, na mkoa mmoja ukitoa mzimu, mingine sita itanung'unika. Mizimu ikawa saba. Nikapima watu saba, nikakata vitambaa saba.

Kikao cha tatu kilichelewa kuanza, kwa sababu mjumbe wa Mambo ya Ndani alikwama nje, nyuma ya watu waliokuwa wamejipanga mlangoni tangu alfajiri. Alipoingia akakuta mizimu saba imesimama mmoja nyuma ya mwingine.

"Hii ni nini?"

"Foleni, mheshimiwa," akasema mwongozaji, Bwana Maselele.

"Foleni zilifutwa kwa tamko, mwaka juzi."

"Ndiyo, mheshimiwa. Lakini filamu inaitwa..."

"Jina libaki. Jina lina mvuto. Foleni itoke."

Mizimu ikasimama bega kwa bega, kama watu wa harusi wanaopigwa picha.

Kikao cha nne alikuja mtu wa Afya. Huyu alikuwa mpole, na wapole ndio wa kuogopwa.

"Hawa wamekufa kwa maradhi gani?"

"Hatujasema, mheshimiwa. Ni vichekesho."

"Vifo nchini vimepungua kwa nusu. Saba ni wengi mno kwa filamu moja."

"Nusu yake ni watatu na nusu," akasema Bwana Maselele, kwa uchovu tu, si kwa ubishi. Mtu wa Afya akaandika: watatu na nusu.

Walibishana siku mbili kuhusu ile nusu. Mimi ndiye niliyepaswa kuivalisha, kwa hiyo niliuliza ni nusu ya juu au ya chini. Wakanitazama kama nimetukana. Mwishowe wakaamua kwamba wote saba warudi, ila wasiwe wamekufa. Wawe wananchi waliopumzika. Na kwa kuwa mwananchi aliyepumzika havai gunia, nikafumua vyote na kuwashonea suti za kijivu.

Kikao cha tisa kilimshughulikia karani. Karani wa serikali hawezi kutoa kichwa dirishani na kumfokea mwananchi. Akaandikiwa maneno mapya: "Karibuni, niwahudumie nini?" Wananchi saba wanasema shida yao, wanahudumiwa hapo hapo, wanashukuru.

"Sasa kichekesho kiko wapi?" akauliza Bwana Maselele.

"Kichekesho kitaongezwa mwishoni," akajibu mwenyekiti, "na wataalamu."

Tulikula pamoja siku hiyo, mimi na Bwana Maselele, nyuma ya jengo. Alikuwa mtu wa miaka arobaini anayetembea kama wa sabini.

"Mama Sikudhani, unajua niliingia kazi hii kwa sababu ya ile ya zamani? Niliitazama mara kumi na moja. Nilikuwa natoroka shule."

"Basi kataa hii."

"Nikikataa ataletwa mwingine ambaye hajaitazama hata mara moja."

"Na tofauti itakuwa nini?"

Alimeza tonge.

"Mimi nitaona aibu," akasema.

*

Ilipobaki wiki moja kabla ya uzinduzi nilikwenda Hifadhi ya Filamu. Mtunzaji wake ni Bi Tunu. Tunafahamiana, aliwahi kuishi nyumba ya tatu kutoka kwetu.

"Bi Tunu, nataka nakala moja tu. Ya mtoto."

"Shoga yangu, nakala ni filamu ya pili yenye jina lile lile. Kanuni inakataza."

"Basi ibandikeni jina jingine."

"Ikiwa na jina jingine ni filamu mpya. Filamu mpya inaanzia kikao cha kwanza."

Nikaviona vile vikao mbele yangu, vyote. 

"Na hata kuyeyusha si kazi rahisi," Bi Tunu akaendelea, akifungua faili. "Mshiriki mkuu lazima aje mwenyewe, na kitambulisho, asaini kuridhia. Tumemwandikia mumeo barua mbili. Kimya. Mwambie si ustaarabu."

"Bi Tunu. Ulikuja kwenye matanga yake."

"Nilikuja. Nililala kwako siku tatu, na jiko la nyuma nililishika mimi. Lakini huyo alikuwa Tunu. Hapa ni Hifadhi. Daftari linasema yu hai."

Hilo nalijua. Mwaka aliokufa Kibwana ndio mwaka Afya walipotangaza kwamba vifo vimepungua kwa nusu, na ili tangazo lisiwe la uongo, ofisi ya vizazi na vifo iliagizwa kuandika mmoja kati ya wawili. Nilikwenda na kibali cha mazishi, tumbo likiwa mbele. Wakaniambia mwezi huu wamejaa, rudi ujao. Nilirudi mara mbili. Mara ya tatu nilikuwa nimejifungua, na mtoto hangoji daftari.

Kwa hiyo mimi si mjane. Nina mume. Kila muhula shule inamwita kwenye kikao cha wazazi, na nikienda mimi naulizwa baba yuko wapi. Nyumba iko kwa jina lake. Bati la jikoni linavuja na mtaa hauniruhusu kulibadilisha bila yeye kusaini. Nimeweka sufuria.

*

Uzinduzi ulifanyika Jumamosi mchana, Ukumbi wa Taifa. Kila kiti kilikuwa na kijikaratasi cha mwongozo. Dakika ya kumi na mbili, tabasamu. Dakika ya thelathini na tano, kicheko cha wastani. Dakika ya tisini, kicheko kikuu, kisichozidi sekunde ishirini. Jukwaani alisimama ofisa wa wizara na kibendera cha njano. Huyo ndiye mtaalamu tuliyekuwa tumeahidiwa.

Sitaisimulia filamu. Haina la kusimulia. Wanaume saba wa suti wanaingia ofisini na kutoka. Katikati kuna hotuba tatu. Suti zilikaa vizuri, hilo naweza kulisema bila kuona haya.

Ilipokaribia dakika ya thelathini na tano Sikudhani alininong'oneza, "Mama, mzimu uko wapi?"

"Haumo."

"Na foleni?"

"Haimo."

"Sasa watu wamekuja kuangalia nini?"

"Nyamaza, bendera inapanda."

Bendera ikapanda, ukumbi ukatoa sauti kama wagonjwa wa kikohozi kwenye wodi moja. Bwana Maselele alikuwa ukutani, karibu na mlango, anatazama viatu vyake.

Dakika ya tisini ikafika. Karani akasema, "Karibuni, niwahudumie nini?" Bendera ikapanda, watu wakavuta pumzi ili wacheke. Wakati huo huo mwelekezaji wa viti, kule nyuma, alikuwa anamwondoa mama mmoja mnene aliyekalia kiti cha mgeni mwalikwa aliyechelewa.

"Mama, inuka. Hapa si pako. Toka."

Na yule mama, bila hata kugeuza shingo, akajibu, "Nimekufa tu, sijahama."

Ukumbi ukapasuka. Watu walicheka hadi wakashikana. Walicheka wazee wa mstari wa mbele, walicheka askari wa mlangoni, Bwana Maselele alichuchumaa chini akicheka na kujifuta machozi. Bendera ilishushwa, ikapandishwa, ikashushwa tena, hakuna aliyeitazama. Pembeni yangu Sikudhani alianza puani, akakata, mabega yakafuata.

Mheshimiwa Waziri aliinamia msaidizi wake. Niliketi nyuma yake, nilisikia.

"Hii iko dakika ya ngapi?"

"Haimo, mheshimiwa. Ni ya ile ya zamani."

 Mheshimiwa alikunja mwongozo wake mara mbili, akautia mfukoni.

*

Jumatatu niliitwa wizarani. Shule zilikuwa zimefungwa, nikaenda na Sikudhani. Tuliketishwa kwenye viti vya ngozi, mtoto akapewa soda. Mheshimiwa alikuwa na yule mpole wa Afya, na mezani kulikuwa na karatasi moja yenye nembo.

"Mama," alisema Mheshimiwa, "serikali imeguswa na hali yako. Miaka kumi umebeba msiba bila utambulisho. Leo hii taifa linakutambua rasmi kuwa mjane."

Akaisogeza karatasi. Ilikuwa hati ya kifo cha Kibwana. Jina limeandikwa sawasawa, tarehe ni ile ile. Kilichokosekana ni sahihi yangu kuthibitisha.

"Mwezi huu nafasi zipo," akasema mtu wa Afya, kwa upole.

Nisiwafiche: niliitaka ile karatasi. Niliitaka kuliko nilivyojua kabla ya kuiona. Miaka kumi nimekuwa nikisema mume wangu amekufa, na kila dirisha limenijibu hapana. Hii ilikuwa karatasi ya kwanza ya serikali kusema ninalolijua. Niliwaza shule. Niliwaza bati. Niliwaza kulala siku moja tu nikiwa mtu ninayeeleweka.

"Nikisaini?" nikauliza.

"Ukisaini," akajibu Mheshimiwa, "mjane ana haki ya kuridhia kwa niaba ya marehemu. Bi Tunu atapeleka mkebe kiwandani kesho asubuhi. Unajua, mama, ile filamu inawachanganya wananchi. Wanalinganisha."

Sikudhani alikuwa ameacha kunywa soda. Hakunitazama mimi. Aliitazama karatasi, anaisoma kwa midomo kama wanavyosoma watoto, akafika kwenye jina la baba yake na hapo midomo ikasimama.

Nikaweka kalamu chini.

"Mheshimiwa, hapa kuna kosa. Mume wangu hajafa."

"Mama, kila mtu anajua amekufa."

"Daftari la serikali linasema yu hai. Mimi ni nani nibishane na daftari?"

"Daftari linaweza kukosea!"

Mtu wa Afya alikohoa. Alikohoa mara moja tu, lakini Mheshimiwa akamgeukia, na nikaona wote wawili wakipiga hesabu ile ile. Daftari likikosea kwa Kibwana, limekosea kwa wangapi? Na kama limekosea kwa hao, vifo vilipungua lini?

"Daftari halikosei," akasema mtu wa Afya.

"Daftari halikosei," akakubali Mheshimiwa, akakaa. Alionekana amechoka ghafla, karibu nimhurumie. "Sasa mumeo yuko wapi?"

"Amesafiri."

"Wapi?"

"Hakuaga."

"Miaka kumi?"

"Wanaume wa siku hizi, mheshimiwa, unawajua."

Waliniletea fomu ya tamko. Mimi, niliyemwosha uso Kibwana asubuhi ile na kumfunga kidevu kwa kitambaa nilichokikata mwenyewe, niliandika kwamba yu hai, kwa herufi kubwa, kama fomu inavyotaka.  Nikatia sahihi. Ile hati wakaichana mbele yangu, vipande vinne, kwa utaratibu.

Tulishuka ngazi. Getini Sikudhani akaniuliza, "Mama, umesema uongo?"

"Nimejaza fomu."

"Ni vitu tofauti?"

"Kwa nchi hii, ndiyo. Funga kamba ya kiatu."

*

Tangu hapo maisha hayajawa mepesi. Shule imeandika barua kumtaka baba wa Sikudhani aeleze kwa nini haji. Sufuria iko pale pale jikoni. Majirani wananiita mke wa msafiri, na wengine hawatanii. Filamu ya wizara inaoneshwa kila sikukuu, bendera ya njano ikiwepo, na watu wanakuja na vitafunio wapate cha kufanya.

Lakini mshiriki mkuu akiwa hai na hajulikani alipo, lazima atafutwe. Imeundwa kamati. Na kanuni za kumtafuta mtu, ambazo ni za zamani kuliko wizara yenyewe, zinasema kila miezi mitatu familia iitwe, ioneshwe picha ya mwisho ya mtafutwa iliyo mikononi mwa serikali, nayo ithibitishe kwamba anayetafutwa ndiye. Picha ya mwisho ya Kibwana iliyo mikononi mwa serikali imo ndani ya mkebe. Mkebe sasa ni kielelezo, na kielelezo hakiyeyushwi.

Mara ya kwanza tuliitwa Jumanne, saa tano asubuhi, chumba cha chini cha Hifadhi. Kulikuwa na viti vitatu. Bi Tunu alisimama kwenye mashine, na ofisa wa kamati, kijana nadhifu mwenye fomu juu ya paja, akatueleza kazi yetu: aonekane mtafutwa, tuseme ndiye au siye, tusaini, twende zetu.

Mashine ikaunguruma. Ukatokea ukuta wa ofisi ile, foleni, watu wakijipepea kwa bahasha. Akatokea Kibwana na gunia lake, wa sita kutoka dirishani, anajikuna shingo.

Ofisa akaandaa kalamu. "Ndiye huyu?"

 Nikamgeukia Sikudhani. Alikuwa ameinama mbele, viwiko magotini, hapepesi macho.

"Mtoto," ofisa akarudia, "ndiye?"

"Sina hakika," akasema Sikudhani. "Rudisha nyuma kidogo."